Kanga Asiye na Miguu

Mlango ule ulikuwa mzuri kuliko nyumba yenyewe. Hilo ndilo lililomsimamisha Theonest Kaijage.

Alikuwa amefika Manzese asubuhi ya Alhamisi kwa shughuli ya dakika kumi tu: kupiga picha za mwisho za pagala, kuhakikisha namba, kisha kurudi ofisini kufunga faili. Kesi ilikuwa Jumatatu. Miaka thelathini na tano ya kazi ya ubwana afya ilikuwa imemfundisha kwamba nyumba mbovu zinafanana. Nusu ya bati imekwenda, madirisha yameng'olewa, ndani kuna taka za mtaa mzima, na kwenye kila kopo lenye maji kuna mbu. Hii nayo ilikuwa hivyo. Vibaka walipumzikia humo na watu wazima waliigeuza choo. Nyuma yake kulikuwa na karo la maji machafu ambalo mfuniko wake ulipasuka wakati wa masika. Humo ndimo alimotumbukia Loveness, muuza maandazi, akipita njia ya mkato na ndoo yake kichwani. Walimtoa akiwa hai. Paja lilikuwa limevunjika mahali pawili.

Sheria haihangaiki sana na aliyetupa taka. Inamtafuta mwenye nyumba, hata akiwa anaishi mbali, hata akiwa hajakanyaga pale kwa miaka. Kibati kilichopigiliwa mlangoni kilisema 214. Daftari la zamani la namba za nyumba lilisema 214 ni ya Leonardi Chilumba, fundi seremala, ambaye sasa ni marehemu. Kwa hiyo mshtakiwa alikuwa mjane wake, Bi Sesilia, mwenye umri wa miaka sabini na minane, mkazi wa Kimbiji. Ilani tatu zilibandikwa kwenye mlango huo ndani ya miaka miwili, na hakuna aliyezijibu. Akitiwa hatiani, Manispaa ingesafisha pagala na kuziba karo, halafu ingejilipa kwa chochote alicho nacho. Bi Sesilia alikuwa na kibanda kimoja na shamba la mihogo.

Theonest alikigusa kile kibati. Alivijua vibati vya namna hiyo. Vingine alivipigilia kwa mkono wake, alipokuwa kibarua mgeni kutoka Bukoba, akibeba nyundo na kopo la misumari nyuma ya bwana afya aliyevaa kaptura ya kaki. Siku hizo bwana afya akiingia mtaa mmoja, habari ilikwishafika mtaa wa tatu. Akina mama walifagia mpaka nyayo zao wenyewe. Balozi wa nyumba kumi alitembea mbele na daftari lake, na ungemwuliza karo la nani linakaribia kujaa, angekujibu bila kulifungua. Hakuna aliyehitaji mahakama ili kujua nyumba ni ya nani.

Akatoa futi ya chuma, akapima mlango, akaandika vipimo daftarini.

Mlango ulikuwa wa mninga, mzito, umepakwa rangi ya kijani mara nyingi mpaka mapambo yake yamezama na kubaki vinundu. Fremu ilikuwa ya mbao laini, imeliwa na mchwa. Upande wa kulia wa mlango palikuwa na makovu ya bawaba za zamani. Bawaba za sasa zilikuwa kushoto. Akachuchumaa. Kingo tatu za mlango zilikuwa zimepigwa randa vizuri. Wa nne, wa chini, ulikuwa umekatwa kwa msumeno na kuachwa hivyo hivyo.

"Fundi gani huyo," alisema peke yake, "anayetengeneza kitu kama hiki halafu anakikata kama sanduku la nyanya?"

"Shikamoo mzee. Unaongea na mlango?"

Aliyesema alikuwa mwanamume mfupi wa miaka arobaini hivi, mikono imejaa kutu, ufunguo unaning'inia shingoni kama rozari.

"Marahaba. Wewe ndiye unayefunga kufuli hili?"

"Mie nafunga, ila nyumba siyo yangu. Andika hivyo hivyo, mzee, siyo yangu."

"Jina?"

"Albano. Albano wa vyuma chakavu. Hata polisi wananijua. Kwa wema lakini."

"Nani alikupa ufunguo?"

"Kufuli nimenunua mwenyewe. Vibaka walikuwa wananiibia vyuma vyangu."

"Ambavyo wewe uliviokota wapi?"

"Mzee, mbona unaniingia mpaka maini, hata chai sijanywa?"

Theonest alifungua daftari lake. Kwa wiki nzima alikuwa amemshuku mtu huyu. Mwenye kufuli mara nyingi ndiye mwenye faida, na mwenye faida huwa anamjua mwenye nyumba. "Kodi unampa nani?"

"Zamani alikuwepo dalali, akafariki. Tangu hapo hajaja mtu. Huyo bibi mnayemwandika mie sijawahi kumwona, nakuapia. Alikujaga mzee mmoja tu, mie nilimwona mara moja, mwaka juzi."

"Mzee gani?"

"Msafi. Suruali ina mstari wa pasi unaweza kukatia nyanya. Akasimama hapo ulipo. Akasoma karatasi yenu mpaka chini, mpaka kwenye mhuri. Halafu akasoma kibao changu." Albano alionyesha ubao ulioegemezwa ukutani, ulioandikwa kwa rangi nyekundu. "Akaniambia, 'Bwana, tunanunua haina w.' Mie nikadhani ananitania. Akaokota kipande cha bati, akaikwangua, w ikatoka. Akafuta mikono kwa leso, akaenda zake. Hata salamu ya kuagana hakunipa."

Theonest alikitazama kibao. TUNANUNU A VYUMA CHAKAVU. Pengo la herufi moja, limekwanguliwa kwa uangalifu, bila kuigusa jirani yake.

Alilipiga picha pengo hilo pia, ingawa hakuwa na hakika kwa nini.

*

Ofisini aliomba faili kwa Gladness, afisa mwenzake, binti wa miaka ishirini na sita aliyeandika haraka kuliko watu wengine walivyosema. Yeye ndiye aliyechukua maelezo ya Bi Sesilia wiki tatu kabla.

"Baba, faili hilo si limeshakamilika? Mwanasheria amesema lipo vizuri. Bibi amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba 214 ni yake. Na kwamba vitu vyake bado vipo mlangoni. Soma ukurasa wa pili."

Theonest alivaa miwani. Maelezo yaliandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, na chini palikuwa na alama ya dole gumba. Alisoma polepole. Ndivyo alivyojifunza kusoma, na hakuwahi kuona aibu kwa hilo. Mstari wa tisa ulisema: *Ndiyo, 214 ni yetu. Mlangoni kanga ziko saba, zinafuatana.*

Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa umefuta."

"Wapi?"

"Kwenye 'ziko'. Chini yake kuna neno jingine. Na kwenye 'zinafuatana' pia."

Gladness aliinama. "Ah, hapo. Bibi ni wa kusini, Kiswahili chake kina mambo yake. Alisema 'kanga wako saba, wanafuatana.' Nikamsahihishia ili mahakamani wasimcheke."

"Na wewe ulielewa nini?"

"Kanga, baba. Khanga za kuvaa. Kazitundika mlangoni kama pazia. Ndiyo maana mwanasheria akasema basi nyumba bado anaitumia."

"Umewahi kuona khanga zikifuatana?"

Gladness alisoma tena mstari wa tisa.

Theonest aliweka karatasi mezani. "Mimi sikwenda sekondari kama wewe. Nilikwenda shule ya jioni, darasa la watu wazima, tukikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na msemo mmoja. Ukikosea ngeli, alikupiga nao kama fimbo: 'Mwenye roho usimwite kitu.' Bibi huyu hakukosea. Alisema 'wako' kwa sababu wako. Alikuwa anasema habari za ndege."

"Ndege? Mlangoni?"

"Chukua wembe. Twende Manzese."

Walifika saa nane, jua kali. Theonest alikwangua rangi ya kijani kwa juu, Gladness akakwangua katikati, na Albano, ambaye hakuna aliyemwalika, alisimama nyuma yao akitoa ushauri. Rangi ilitoka kwa maganda. Baada ya nusu saa kichwa kidogo kilitokea, kisha shingo, kisha mgongo wa duara uliojaa vitobo.

"Ni kuku," alisema Albano.

"Kuku ana madoadoa hayo?" alijibu Gladness. Akahesabu kwa kidole toka juu kushuka chini. "Mmoja, wawili, watatu... Baba, wako saba. Wanafuatana."

Kanga saba walishuka mlangoni kwa mstari, kila mmoja akimtazama wa mbele yake. Sita walisimama kwa miguu yao. Wa saba, wa chini kabisa, alikatwa na msumeno magotini.

"Kwa hiyo mlango kweli ni wa bibi," alisema Gladness kwa sauti ndogo. "Tumerudi palepale."

"Mlango ni wake. Nimekuuliza habari ya nyumba?" Theonest alionyesha makovu ya bawaba, kisha ukingo uliokatwa. "Mlango huu ulitengenezewa fremu nyingine, ndefu kuliko hii, yenye kufunguka upande mwingine. Ulipohamishwa, ulihama na kibati chake. Sisi tukasoma kibati. Tumeishtaki namba, Gladness. Nyumba hatujaishtaki bado."

*

Ijumaa alivuka kwenda Kigamboni, akaacha lami, na kwa saa nzima gari la ofisi lilimtikisa hadi Kimbiji. Bi Sesilia alikuwa uani akimenya mihogo. Alikuwa mwembamba, amenyooka, rozari ya mbao shingoni. Aliitikia shikamoo yake bila kuacha kisu.

"Umekuja kunichukua kabla ya Jumatatu?"

"Nimekuja kukuuliza, mama. Nyumba 214 iko wapi?"

Alimtazama kama mtu anayetazama kichekesho. "Iko chini ya barabara ya mabasi ya mwendokasi. Ilikuwa kando ya barabara kuu, ukishuka daraja la waenda kwa miguu. Waliiwekea alama ya X, wakaibomoa. Wewe bwana afya mzima hujui?"

"Mbona hukusema hivyo ofisini?"

"Yule binti aliniuliza, '214 ni yenu?' Nikasema ndiyo. Nikadhani Serikali imetukumbuka kwa fidia. Miaka kumi na mitatu, mwanangu. Nikasema loo, leo wameuliza. Nikamweleza mpaka mlango, ili asikosee nyumba. Alipoleta wino nikaweka dole." Akatupa kipande cha muhogo kwenye sufuria. "Barua ya mahakama ilipokuja, jirani akanisomea. Nikacheka. Halafu sikucheka."

Theonest alimwonyesha picha kwenye simu. Bibi aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Ndio hawa," alisema. "Leonardi aliwachonga mwaka tuliohamia. Wake zenu wanataka kabati, mimi nilitaka kanga, maana kwetu Ndanda walikuwa wanakuja mpaka shambani. Nilikuwa nafagia mlangoni kila asubuhi, na kila Jumamosi mtaa mzima ulikuwa nje na mifagio. Watoto walihesabia kwa hawa. Moja, mbili, tatu, mpaka saba, halafu wanaanza tena. Wote wangu walijifunza hesabu mlangoni." Kidole chake kilishuka taratibu mpaka chini ya picha, kikasimama. "Huyu wamemfanya nini?"

"Amekatwa. Nani aliuchukua mlango, mama?"

Bibi alirudisha simu. "Sijui."

"Unajua."

"Najua. Sikuambii."

"Mama, Jumatatu utasimama kizimbani kwa nyumba ya mtu mwingine. Kuna mwanamke mguu wake hautarudi kama ulivyokuwa. Shamba hili linaweza kwenda."

"Nimesikia." Aliokota kisu. "Leonardi alikufa wiki ileile waliyotuwekea X. Tulikuwa matangani, nyumba imejaa watu, tunalia mara mbili, mtu na nyumba. Akaingia mtani wetu na tindo na nyundo. Mngoni. Akapiga kelele, 'Wamwera nyie, Serikali inawabomolea kesho, na mimi nawabomolea leo!' Akaung'oa mlango mbele ya jeneza. Watu walikuwa wanalia, wakaanza kucheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nilicheka. Ndiyo kazi ya mtani. Bila yeye nisingetoka siku ile nikiwa mzima." Alimenya, akamenya. "Mtani akichukua matangani, hajaiba. Nikienda kumtaja mbele ya hakimu, nimemwita mwizi. Leonardi atageuka huko aliko. Sisemi jina."

"Hakusema lolote jingine siku hiyo?"

"Alisema mengi, alikuwa msemaji. Mtu mmoja alimwambia, 'Acha kitu cha watu!' Akajibu..." Bibi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Akajibu, 'Mwenye roho usimwite kitu! Kanga hawa naondoka nao wakiwa hai.'"

Theonest alifunga daftari. Alibaki amekaa kwa muda, mkono juu ya jalada, akitazama mihogo.

"Umepatwa na nini, mwanangu?"

"Hamna, mama. Jina lake hukulitaja."

"Sikulitaja."

"Nitaandika hivyo."

*

Mwalimu Kasimiri Gama aliishi nyuma ya kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis, kwenye nyumba ya mwanawe Benson. Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa sebuleni na gazeti na kalamu nyekundu, suruali yake imepigwa pasi kama siku ya ukaguzi. Kila alipokuta kosa gazetini alilizungushia duara. Ukurasa wa mbele ulikuwa na maduara kumi na moja.

"Theonest!" Alisimama kwa shida. "Mwanafunzi wangu pekee aliyekuja darasani na viatu vya kazini, vinanuka dawa ya mbu! Kaa. Uliandika 'nimekujia' mpaka muhula wa pili, unakumbuka?"

"Nakumbuka, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Na yule jirani yako wa dawati, aliyekuwa analala na macho wazi?"

"Fransis. Alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu."

"Ona! Kwa 'a-wa' na 'ki-vi' tu." Mzee alicheka, akakaa. Sauti yake ilikuwa ileile. Kwa dakika kadhaa waliwataja waliokuwa darasa lile, mmoja baada ya mwingine: wapagazi, wapishi, dereva wa lori aliyelia alipoweza kusoma barua ya mama yake. Walio hai walikuwa wachache. Kisha Theonest aliweka daftari juu ya goti.

"Mwalimu, una nyumba Manzese?"

"Mimi? Naishi kwa mwanangu, kama unavyoona. Mstaafu hana nyumba, ana kumbukumbu."

"Ulipita huko mwaka juzi?"

"Manzese kubwa. Huenda nilipita."

"Ulifuta herufi w kwenye kibao cha mtu."

"Kosa ni kosa, popote lilipo."

"Ulisoma na ilani iliyokuwa mlangoni. Mpaka kwenye mhuri."

"Nasoma kila kilichoandikwa. Ilani hiyo ilikuwa na jina la Leonardi Chilumba. Namba 214. Angalia daftari lenu."

"Sijakuuliza jina wala namba, Mwalimu."

Nje basi la mikoani lilipiga honi ndefu. Mwalimu Kasimiri alitazama kalamu yake. Theonest naye aliinua macho ukutani, palipokuwa na ubao mwembamba wa mninga uliopigiliwa kwa misumari mitatu iliyotundikiwa kofia. Kofia mbili zilining'inia. Alisimama, akaomba radhi, akaziondoa.

Kati ya msumari wa kwanza na wa pili palikuwa na miguu miwili ya ndege, imechongwa kwa ustadi, kila mguu vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Juu ya magoti hapakuwa na kitu.

Alitoa futi yake. Urefu wa ubao ulikuwa sentimita tisini na moja. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa Alhamisi, akaliweka mbele ya mzee, na kidole chake juu ya upana wa mlango wa Manzese. Tisini na moja.

Mwalimu alisoma. Hakuzungushia duara.

"Fremu yangu ilikuwa fupi," alisema hatimaye. "Fundi alitaka kutupa kipande hicho. Nikamwambia kazi ya Leonardi haitupwi." Akavua miwani. "Ilikuwa utani, Theonest. Nilitundika mlango kwenye nyumba yangu mpya na kibati chake. Kila nikiingia namwambia marehemu, 'Umepanga kwangu sasa.' Mke wangu alicheka kila siku. Akafia humo. Nikamwachia dalali apangishe watu, mimi nikaja huku. Wapangaji wakaondoka, dalali akafa. Sikuweza kuiuza, sikuweza kuingia. Nilikuwa naipenda kama ilivyokuwa."

"Na ilani ya kwanza ilipotoka?"

"Nilipoona jina la Leonardi, nilicheka. Nikasema, mtani wangu ananilipia hata akiwa kaburini. Ya pili sikucheka. Ya tatu sikwenda kusoma. Sikusema uongo popote. Nilinyamaza tu."

"Mjane wake anasimama kizimbani Jumatatu."

Kalamu nyekundu ilianguka. "Sesilia? Kwa nini Sesilia? Yeye ana nini na..."

"Kwa kibati chako. Na mwanamke aitwaye Loveness, aliyekuwa anauza maandazi, alitumbukia kwenye karo lako. Mwalimu, kumbukumbu haina karo. Nyumba inalo."

Mzee aliinama, akaokota kalamu, akaiweka mezani. "Sesilia amenitaja?"

"Nilimwuliza mara mbili. Alikataa. Alisema mtani hashtakiwi."

"Basi umejuaje?"

"Aliniambia ulichosema siku unang'oa mlango. Nawe ulinifundisha msemo huo mwenyewe, kila Jumatano."

Mwalimu Kasimiri alinyanyuka. Alikwenda kwenye rafu, akaitoa kamusi kubwa iliyochakaa jalada, na kati ya kurasa zake akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne: karatasi ya kununulia kiwanja cha Manzese, jina lake limeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, na mhuri wa balozi. Akaiweka juu ya daftari la Theonest.

"Andika ilani," alisema. "Kwa jina langu. Mwenye nyumba."

Theonest aliandika hapo hapo, mezani: jina la mmiliki, mahali, karo la kuzibwa ndani ya siku saba, pagala la kusafishwa na kufungwa, na wito wa kufika mahakamani Jumatatu badala ya aliyetajwa awali. Mzee aliisoma kwa makini. Aliinua kalamu nyekundu, akaishusha juu ya neno fulani, akasita. Kisha akaichukua ya buluu, akatia saini.

"Kulikuwa na kosa?" aliuliza Theonest.

"Moja. Acha. Lililo langu ni kubwa zaidi."

Simu ya Theonest ilikuwa tayari sikioni. Kimbiji iliita mara nne.

"Mama, ni Theonest. Jumatatu hushtakiwi. Jina lako limeondoka."

Kulisikika kuku, kisha kisu kikiwekwa chini. "Nilikuambia usimguse mtani wangu."

"Sikumgusa. Amejitaja mwenyewe. Yuko hapa."

"Weka sauti asikie."

Theonest aliweka simu mezani.

"Wewe Mngoni!" Sauti ilijaza sebule. "Babu zako walitufukuza kwetu mpaka tukalala porini, leo wewe umeshindwa kufukuza mbu?"

Mwalimu Kasimiri alianza kucheka, kicheko kikamkwama, akajifunika macho kwa kiganja. "Sesilia. Nisamehe."

"Ya msamaha tutaongea baadaye. Kwanza umwone huyo mwanamke wa maandazi. Uende kwa miguu yako, usitume mtu. Jumatatu nakuja."

"Kufanya nini, nawe hushtakiwi?"

"Nikuone umesimama kizimbani. Mtani akifiwa tunakwenda, akishtakiwa tusiende? Nitakaa mbele, nicheke." Sauti ilishuka. "Bwana afya, upo? Kanga wangu wako wangapi?"

"Wako saba, mama."

"Na yule wa mwisho?"

Theonest alimtazama mwalimu wake. Mzee alikuwa amekwishakwenda ukutani, anang'oa misumari kwa vidole na kwa ncha ya ufunguo, polepole, asiuchubue ubao. Wa tatu ulipotoka, aliufuta ule ubao kwa leso yake nyeupe, akauleta mezani, akauweka juu ya ilani.

"Anasubiri miguu yake," alisema Theonest. "Naileta."